Golden Hinde, London: tathmini kwa anayeota kumiliki merikebu ya matanga

Nimepanda Golden Hinde mara tatu katika muda wa miaka miwili, na mara zote tatu nimeshuka viganja vyangu vikinuka lami. Harufu hiyo haitoki kwa kunawa mara moja, nami sikuwa na haraka ya kuitoa, kwa kuwa ni jamaa wa harufu niliyokulia nayo Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako mjomba wangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini na mimi nilikuwa mtoto wa kumpelekea chai ufuoni. Kwetu ilikuwa harufu ya sifa, yaani mafuta ya papa, na ya deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaopakwa vyombo. Hapa London ni ya lami ya misonobari iliyopakwa kwenye kamba. Kazi, hata hivyo, ni ileile: kuyazuia maji yasiingie mahali yasipotakiwa.

Naiandika tathmini hii kwa ajili ya watu wa aina yangu. Ni wale waliopenda habari za maharamia tangu utotoni, na ambao hadi leo, wakiwa na kazi, watoto na kodi ya nyumba, wakiona picha ya merikebu yenye milingoti mitatu na matanga yaliyojaa upepo husimama kidogo na kujiuliza ingegharimu kiasi gani kuwa na moja. Wapo wengi kuliko mtu anavyodhani, katika kila nchi niliyowahi kuishi. Huvaa kofia za pembe tatu siku za sherehe, hujifunza mafundo ya kamba jioni wakiwa wamekaa sebuleni, huweza kukueleza tofauti ya skuna na brigi bila kufikiri, na moyoni huwa wameshaipa jina merikebu ambayo hawajainunua. Yangu nimeipa jina la bibi yangu. Je, chombo hiki kilicholazwa kando ya Mto Thames kinamfaa mtu mwenye ndoto ya namna hiyo? Kwa maoni yangu kinamfaa kuliko chombo kingine chochote ninachokijua jijini London, kwa sababu humwonyesha ile kazi ambayo picha huificha.

Golden Hinde iko katika kigudi, yaani gati dogo la kulazia vyombo, cha St Mary Overie, ukingo wa kusini wa mto, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka stesheni ya London Bridge. Mtu akitoka soko la Borough na kulipita Kanisa Kuu la Southwark, huiona ghafla katikati ya majengo, ubavu wake ukiwa na michoro ya rangi kali na omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikiwa na sanamu ya kulungu jike wa dhahabu, ambaye ndiye aliyeipa jina. Jambo la kwanza linalomshangaza kila mgeni ni udogo wake. Urefu wote, kuanzia ncha ya mlingoti wa maji, ule uliochomoza mbele, hadi tezi, yaani sehemu ya nyuma, ni takriban mita 37, na upana wake haufiki mita saba. Mtu aliyewahi kuyaona majahazi makubwa yaliyokuwa yakiingia Zanzibar kwa upepo wa kaskazi yakitokea Ghuba hawezi kusema kwamba hiki ni chombo kikubwa. Hata hivyo, mwenzake wa karne ya 16 aliizunguka dunia nzima, na huyu aliyepo amefanya vivyo hivyo.

Jambo hilo lahitaji maelezo, kwa sababu wageni wengi hudhani kwamba wanapanda pambo. Merikebu iliyopo ni nakala ya ile ya Francis Drake, nahodha Mwingereza wa karne ya 16. Iliundwa Appledore, katika jimbo la Devon, ikateremshwa majini mwaka 1973, na mafundi wake walifuata ufundi wa mkono wa zamani kadiri walivyoweza. Aliyeichora, Loring Christian Norgaard wa California, hakuwa na ramani ya chombo cha asili ya kuifuata, kwa kuwa haipo, hivyo alilazimika kukisanifu upya kutokana na maandishi ya mabaharia na elimu ya uundaji wa merikebu za zama zile. Mwishoni mwa mwaka 1974 iling'oa nanga Plymouth, ikafika San Francisco mwaka 1975, baadaye ikavuka Pasifiki hadi Japani, na kufikia mwaka 1980 ilikuwa imerudi Uingereza baada ya kukamilisha mzunguko wa dunia. Ilipokuja kulazwa hapa mwaka 1996 ilikuwa imeshasafiri zaidi ya maili 140,000. Mbao anazozikanyaga mgeni zimepigwa na dhoruba za kweli, na ukitazama kwa makini kingo za matundu yanayopitisha kamba utaona jinsi zilivyolika kwa msuguano wa miaka mingi.

Ziara huanzia sitaha ya juu, na ushauri wangu ni kwamba mtu asiikimbilie mizinga. Asimame kwanza chini ya mlingoti mkuu atazame juu. Kamba zinazoshuka kutoka kwenye foromali, miti ya kukingama inayoshika matanga, ni nyingi kiasi kwamba mgeni huona utando wa buibui tu, lakini akizifuata moja moja kwa macho ataanza kuelewa kwamba zile nene zilizopakwa lami, ambazo hazisogei, zipo ili kuushika mlingoti usianguke, na zile nyembamba zinazopita kwenye kapi na kufungwa kwenye vijiti vya pembeni ni za kupandishia na kugeuzia matanga. Nilimwambia binti yangu wa miaka tisa kwamba kamba aliyokuwa ameishika ni henza, ya kupandishia tanga, na kwamba mzee wake kule Nungwi huiita kamba ya kazi hiyo kwa jina hilohilo. Aliishika kwa mikono miwili na hakutaka kuiachia hadi nilipomkumbusha kwamba kulikuwa na watoto wengine waliokuwa wakingoja zamu.

Kitu kinachonivutia zaidi kuliko vyote ni usukani. Hakuna gurudumu. Gurudumu la usukani ambalo sote tumelizoea katika michoro ya maharamia lilikuja mwanzoni mwa karne ya 18, zaidi ya miaka mia moja baada ya Drake. Hapa mshika usukani husimama chini ya sitaha akiwa ameshika gongo refu lililosimama wima, ambalo huisukuma kana, yaani mkono wa usukani, iliyo chini yake kushoto au kulia, na kwa kuwa hawezi kuona vizuri anakoelekea, hutegemea dira na sauti ya aliye juu. Nilipopewa nafasi ya kulishika gongo hilo nilifikiri juu ya mtu aliyesimama hivyo usiku, katika bahari asiyoijua, akigeuza chombo chenye roho za watu kwa kufuata kelele zilizopita kwenye upepo. Mjomba huongoza mashua akiwa amekaa tezi, kana ikiwa chini ya kwapa na macho yakiwa kwenye tanga. Mshika usukani wa humu hakuwa na tanga la kulitazama, wala hakuwa na nyota.

Chini zaidi ni sitaha ya mizinga. Chombo hiki kina mizinga 22, na watoto huipenda sana, hasa wanapoelezwa namna kila mmoja ulivyohitaji watu kadhaa kuusafisha, kuujaza na kuuvuta mahali pake. Dari ni fupi mno. Mimi ni mtu wa kimo cha kawaida, na nilitembea shingo ikiwa imekunjwa. Katika merikebu ya asili, mahali kama hapo, pamoja na pembe nyinginezo zilizobaki wazi, ndipo walipoishi mabaharia wapatao 80. Walilala juu ya mbao, kwa kuwa vitanda vya kuning'inia vilikuwa havijaenea bado katika merikebu za Kiingereza. Chumba cha nahodha kilichoko tezi kina nafasi na madirisha, lakini nacho ni kidogo kuliko sebule ya kawaida ya Kariakoo. Ukishuka hadi chini kabisa, mahali pa shehena, unayaona mataruma yenyewe, yaani mbavu za chombo, manene kama mapaja ya ndovu, na ukiweka kiganja juu yake unahisi ubaridi na unyevu. Waongozaji, ambao huvaa mavazi ya karne ya 16, husimulia kwa sauti kubwa na kwa furaha ya kweli, na kila swali la binti yangu lilijibiwa kwa heshima kana kwamba limeulizwa na mtu mzima.

Ziara yangu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Ilikuwa asubuhi ya baridi mwezi Machi, na sehemu ya sitaha ilikuwa imezungushiwa kamba kwa sababu ya matengenezo. Wageni wengine waliipita haraka kwenda kwenye mizinga. Nyuma ya kamba alikuwapo fundi mmoja amepiga magoti juu ya kipande cha godoro, akisokota nyuzi za katani juu ya paja lake, akizilaza katika mwanya kati ya ubao na ubao, kisha akizishindilia kwa chembeu na nyundo ya mti. Alipiga, akasikiliza, akapiga tena. Mwanzoni mlio ulikuwa mzito na butu, kama mtu anayegonga gunia la mchele. Kadiri nyuzi zilivyokuwa zikishikana, mlio ulipanda na kuwa mkavu, hata ukafika mahali ukalia kama kengele ndogo ya mti, ndipo akasogea shubiri moja mbele. Nilijua anachokisikiliza. Niliwahi kukaa ufuoni Nungwi nikiusikia mlio huohuo tangu alfajiri mpaka adhuhuri, ingawa mafundi wa kwetu hukalafati kwa pamba iliyochovywa mafuta, wala si kwa katani.

Nilirekodi sauti ile kwa simu nikamtumia mjomba. Jioni alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizia watoto na baridi ya Ulaya, akasema, "Huyo fundi ana sikio, mwanangu. Lakini chombo chenyewe kinasafiri?" Nikamwambia hapana, kimelala hapo tangu mwaka 1996. Akanyamaza kidogo. "Basi kazi yake ni kubwa kuliko yangu. Mvua inakinyeshea na hakuna chumvi ya kukisafisha. Maji ya bahari hayaozeshi ubao, maji ya mvua ndiyo yanayouozesha. Mwambie aangalie juu, asiangalie chini."

Maneno hayo yalibadilisha namna ninavyozitazama merikebu zote. Ni kweli inayojulikana na kila fundi wa mbao: kuvu inayoozesha ubao hupenda maji matamu na hewa iliyotuama, ilhali chumvi huizuia. Ndiyo maana chombo kilichosimama katika mto wa jiji lenye mvua, kikipendwa na kupigwa picha kila siku, kiko katika hatari ambayo jahazi linalovuja katikati ya Bahari ya Hindi halina. Merikebu ya asili ya Drake ilikufa kwa njia hiyohiyo. Malkia Elizabeth I alipanda ndani yake Deptford, chini kidogo ya hapa kwenye mto huuhuu, tarehe 4 Aprili 1581, na Drake akapewa cheo cha Sir humohumo. Kisha ikawekwa pale ili watu waitazame, ikatazamwa kwa miongo kadhaa, ikaoza. Mbao chache zilizosalia zilitengenezewa kiti ambacho kilitolewa mwaka 1662 kwa Maktaba ya Bodleian, Oxford, na kipo hadi leo. Merikebu iliyopita katika Mlango wa Magellan na kurudi salama ilishindwa na mvua ya nyumbani.

Kuhusu Drake mwenyewe, mpenzi wa maharamia hana budi kupanda akiwa na macho mawili. Aliondoka Plymouth Desemba 1577 akiwa na vyombo vitano na watu wapatao 164. Aliporudi tarehe 26 Septemba 1580, chombo kimoja tu ndicho kilichokuwa kimeizunguka dunia. Waingereza walimwita shujaa na Wahispania wakamwita haramia, na Wahispania walikuwa na sababu: tarehe 1 Machi 1579 aliiteka merikebu yao Nuestra Señora de la Concepción karibu na pwani ya Ekuado, akaichukua fedha ya tani 26 pamoja na dhahabu, na kuihamisha shehena hiyo kuliwachukua siku kadhaa. Baadaye alifika Ternate katika visiwa vya Moluku akanunua karafuu tani sita. Hapo msomaji wa Pemba atanielewa nikisema kwamba nilisimama kwa muda mrefu mahali pa shehena, nikifikiria harufu ya chumba kile siku hizo. Moluku ndiko asili ya mkarafuu, na ilipita zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mti huo kuletwa kwetu. Januari 1580 chombo kilipanda mwamba karibu na Sulawesi, na ili kukipunguzia uzito mabaharia walitupa baharini mizinga minane na tani tatu za karafuu. Fedha waliibakiza.

Ila kuna mengine. Kabla ya safari hiyo, katika miaka ya 1560, Drake alishiriki pamoja na jamaa yake John Hawkins katika safari za kuwakamata na kuwauza Waafrika. Na ndani ya merikebu ninayoisifu hapa alikuwapo mwanamume Mwafrika aitwaye Diego, aliyeutoroka utumwa Panama na kujiunga na Drake mwaka 1572, akawa msaidizi wake na mkalimani, na akafariki katika safari ya kuizunguka dunia bila kuiona tena nchi kavu ya Uingereza. Alikuwapo pia mwanamke Mwafrika aitwaye Maria, aliyechukuliwa kutoka chombo cha Wahispania mwaka 1579. Alipokuwa karibu kujifungua waliachwa, yeye na wanaume wawili Waafrika, katika kisiwa kisicho na watu mashariki ya mbali, na merikebu ikaenda zake. Nilipomwonyesha binti yangu chumba cha nahodha nilimsimulia habari ya Maria. Alikaa kimya, kisha akauliza kama mtoto alizaliwa. Hakuna anayejua. Siamini kwamba mapenzi ya milingoti na matanga yanamzuia mtu kulitamka jina la Maria akiwa ndani ya merikebu hiyo, naamini yanamlazimu.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, maharamia wenyewe wala hawako mbali. Haramia William Kidd, aliyenyongwa Wapping, hapahapa London, tarehe 23 Mei 1701, mahali ambapo mtu aliyemaliza ziara hii anaweza kupafikia kwa kutembea kando ya mto, alifika visiwa vya Komoro mwaka 1697 akiwa na Adventure Galley, merikebu yenye mizinga 34 na makasia. Aliipwelezea katika kisiwa cha Mwali ili kuisafisha chini, na huko maradhi yakawaua makumi ya mabaharia wake. Mwaka uliofuata chombo kilikuwa kikivuja vibaya hata kikaachwa katika kisiwa cha Sainte-Marie, kando ya Madagaska. Kilikuwa kimeteremshwa majini Deptford mwaka 1695, hivyo kilidumu kwa miaka mitatu hivi. Hakikuzamishwa na adui. Maji ya joto, wadudu wanaotoboa mbao na uvujaji usiokwisha ndivyo vilivyokimaliza, na mtu anayeota kuwa na merikebu ya haramia lazima aijue sehemu hiyo ya hadithi kama anavyoijua ile ya masanduku ya dhahabu.

Na sasa juu ya ndoto yenyewe. Nimezitazama merikebu zinazouzwa, nimepiga hesabu usiku, na najua wengine wengi wamefanya hivyo. Kununua ni mlango tu. Chombo cha mbao huendelea kununuliwa kila mwaka. Bounty, nakala iliyoundwa Lunenburg, Kanada, mwaka 1960 na kutumiwa katika filamu, ilizama tarehe 29 Oktoba 2012 nje ya pwani ya North Carolina. Miezi michache kabla, mafundi walikuwa wameona mbao zilizooza katika mataruma yake. Kati ya watu 16 waliokuwamo, 14 waliokolewa, mmoja alikufa, na nahodha hakuonekana tena. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliutaja uamuzi wa kukipeleka chombo kikuukuu, chenye mabaharia wengi wasio na uzoefu, katika njia ya kimbunga Sandy ambacho kilikuwa kimetabiriwa. Ufaransa nako, nakala nyingine, Hermione, iliyoanza kuundwa Rochefort mwaka 1997 na kusafiri hadi Marekani mwaka 2015 kwa shangwe kubwa, iliingizwa gudini karibu na Bayonne mwaka 2021 na kukutwa na kuvu katika mbao zake. Wenyewe ni taasisi yenye wanachama na wafadhili wengi, na bado mzigo umewaelemea. Mtu mmoja na mshahara wake atafanya nini?

Kuna pia udanganyifu wa kuuepuka. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa kitalii ambao sitautaja, nililipa fedha nyingi kwa kampuni iliyotangaza safari ya jioni katika merikebu ya maharamia. Milingoti ilikuwa mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya mti, matanga yalikuwa yameshonewa mahali pake yasifunguke, na injini ilinguruma tangu mwanzo hadi mwisho huku wimbo mmoja ukirudiwarudiwa kwenye spika. Nilipomuuliza mfanyakazi jina la kamba iliyokuwa mbele yake, aliniambia kwamba ni ya urembo. Nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mke wangu. Golden Hinde haisafiri tena, na hilo ni pungufu kwa anayetaka kuhisi chombo kikiinama chini ya upepo. Lakini kila kamba iliyomo ina kazi na jina, na aliyemo ndani anaweza kukutajia.

Anayetaka kumiliki kwa namna inayowezekana, namshauri aanzie hapa. Kwa miaka mingi merikebu hii imekuwa ikiandaa siku za maharamia kwa watoto na usiku wa familia ambapo wageni huvaa nguo za mabaharia, hula chakula cha namna ya zama zile na kulala kwenye sitaha. Baada ya hapo atafute chombo kinachohitaji watu wa kujitolea, apewe brashi, rangi na magoti ya kuumia, aone kama mapenzi yake yanadumu hadi mwezi wa tatu. Kama yanadumu, zipo merikebu za mafunzo barani Ulaya zinazopokea wanafunzi wasio na uzoefu, na mashindano yake makubwa yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1956, ziliposhindana kutoka Torbay, Uingereza, hadi Lisbon. Na kama yuko kwetu, asidharau kilichopo: Matondoni katika kisiwa cha Lamu na Nungwi bado kuna mafundi wanaounda vyombo kwa shoka, tezo na jicho, na mashua ndogo yenye tanga moja ina siri zote za merikebu yenye milingoti mitatu, ila gharama yake mtu na ndugu zake wanaweza kuichangia.

Wengi wataniuliza kwa nini wasiende Cutty Sark, Greenwich, ambayo ni kubwa na maarufu zaidi. Waende. Ni chombo cha asili cha mwaka 1869, kizuri kupita kiasi, na baada ya moto wa mwaka 2007 kilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2012 kikiwa kimeinuliwa juu ya kioo, hata mtu aweza kutembea chini ya mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa chombo. Lakini ilikuwa merikebu ya kubebea chai, na utunzaji wake sasa ni wa makumbusho. Golden Hinde ni chombo ambacho mtu huruhusiwa kukishika. Tiketi yake pia ni ya bei ya chini zaidi, jambo ambalo mzazi wa watoto watatu hulihesabu.

Kwa anayepanga kwenda, avae viatu visivyoteleza, kwa kuwa mbao zikilowa ni hatari. Ngazi kati ya sitaha na sitaha ni za wima na nyembamba kama zilivyokuwa karne ya 16, kwa hiyo mwenye maumivu ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu aulize mapema ni sehemu zipi anazoweza kuzifikia. Mtu mrefu achunge kichwa chake kila anapopita chini ya boriti. Siku za wiki asubuhi huwa na utulivu, isipokuwa wanafunzi wa shule wanapokuja, na hata hapo inafaa kubaki kidogo, kwa sababu mwongozaji anayewafundisha watoto 30 kuvuta henza kwa pamoja hufundisha vizuri kuliko kibao chochote cha maelezo. Saa moja na nusu inatosha kwa mgeni wa kawaida. Mimi huhitaji tatu.

Katika nyota tano nimeipa nne na nusu. Nusu iliyobaki ni ya upepo ambao matanga yake hayaupati tena. Binti yangu ameipa tano. Mwezi ujao mjomba anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza, na tiketi yake ya Golden Hinde nimeshainunua, ya Jumanne asubuhi. Ameniomba jambo moja tu, kwamba nimwandikie fundi yule barua ndogo ya Kiingereza ya kumwomba ruhusa apande hadi chini ya foromali, akaguze mwenyewe mbao zilizoko juu.